Muhogo wa Usiku Mmoja

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe na kila mtu aliyekula leo na bado anapumua! Lisifiwe tena!

Nimesimama mbele yenu kutoa ushuhuda. Mnanijua. Mimi ni Mama Furaha wa hapa Uvira, mke wa mwalimu, yule ambaye kina mama wa kikundi chetu cha maombi walimpa jina la Mama Kipimo. Leo nakuja kuwaambia kwamba Mama Kipimo alikaribia kuwazika watoto wake watatu kwa mkono wake mwenyewe.

Jina lile lilikuwa sifa. Wakati njia ya kwenda uwandani, kunakotoka chakula chetu, ilikuwa inafungwa leo na kufunguliwa kesho, bei ikapanda sokoni, wengine walilia. Mimi nilibana. Mafuta ya mawese niliyapima kwa kijiko. Dagaa zetu, ndagala, niliziweka moja moja kwenye sahani. Makaa niliyazima chungu kikiwa bado kinachemka. Na nilijivuna, ndugu zangu! Nilisimama kwenye mkutano wa kina mama nikawafundisha wenzangu namna ya kuishi na kidogo.

Tena nilikuwa na mdomo mbaya. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yangu, anakaa Mama Zaina. Ni Mwislamu, wa zile familia za wafanyabiashara wa zamani, naye anauza unga wa muhogo. Unga wake ni mweupe na hauna mchanga, lakini bei yake ilikuwa juu kuliko ya wengine. Mimi nikawa nasema kila mahali, "Yule anatunyonya." Nikaacha hata kumsalimia.

Jumatatu moja akapita mwanaume na baiskeli, ametoka Nyakabere kule uwandani na gunia la muhogo mbichi. Alipotaja bei nikashangaa, ilikuwa chini sana. Na yeye mwenyewe aliniambia. Hakuna aliyenidanganya!

"Mama, hii ni muhogo mukali. Utie mu maji siku tatu. Siku ine ni muzuri zaidi. Kisha uanike mpaka ikauke kabisa."

"Najua, baba," nikamjibu. "Miye ni mama wa nyumba."

Nilijua! Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Jumanne unga ulikwisha ndani, na mshahara wa Baba Furaha ulikuwa haujafika. Nikatazama beseni nilimouloweka ule muhogo. Muhogo ulikuwa umelala majini usiku mmoja tu. Nikajiambia jua la Uvira ni kali, nikiukata mwembamba utakauka upesi. Nikautoa, nikauanika. Jumatano asubuhi nikautwanga.

Siku ile nilikuwa nimefunga kwa maombi. Watoto walipotoka shuleni saa sita niliwapikia bugali, ugali wa unga ule, na mboga ya lengalenga. Furaha, mkubwa wao, mtoto wa miaka kumi, akaonja, akakunja uso.

"Mama, bugali iko chungu."

"Kula!" nikamkemea. "Batoto ba wengine habana hata hiyo."

Ndugu zangu, nilimlazimisha! Nilisimama juu yao mpaka sahani zikawa tupu.

Baadaye kidogo, nikiwa bado naosha vyombo, Neema mdogo akaanza kutapika. Baraka akashika kichwa kwa mikono miwili: "Mama, nyumba inazunguka." Furaha akasimama amsaidie mdogo wake, miguu ikakataa, akaanguka mlangoni. Wote watatu walikuwa wanahema kama watu waliopanda mlima na mizigo. Watatu kwa mara moja!

Nilipiga kelele. Na mnajua nililia nini? Si jina la Yesu. Nilikumbuka kwamba asubuhi nilimwona Mama Zaina akiwapa watoto mandazi walipokuwa wanaenda shule. Nikatoka nje nikapaza sauti: "Mama Zaina ametilia batoto bangu sumu!"

Neno sumu kwetu mnalijua. Uwanja wangu ulijaa watu. Vijana walianza kupiga makelele, mmoja akaokota jiwe, na mwingine naye akaokota. Wengine walisema watoto wapelekwe kwa mganga wa kienyeji anayetapisha sumu. Na mimi nilinyoosha kidole kwenye mlango wa yule mama. Kidole hiki hapa!

Mtu mwingine angejifungia ndani. Mama Zaina alitoka. Alivuka barabara mtandio ukimwanguka mabegani, akapita katikati ya watu wale wenye mawe, akaingia kwangu. Aliwatazama watoto. Akatazama sufuria. Akamega bugali kidogo, akaigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Mama Furaha, hii muhogo ililala mu maji siku ngapi?"

Nikageuka nikalitazama beseni.

"Siku ngapi? Weye sema, batoto banakufa!"

"Moja," nikasema.

Vijana wakarudi nyuma. Nilisikia jiwe likianguka chini, kisha la pili.

Hakunigombeza. Alisimamisha pikipiki mbili, akapanda moja na Baraka na Neema, mimi nikapanda nyingine na Furaha. Tulipofika hospitali ni yeye aliyesema: "Dokta, ni muhogo mukali, haikukaa mu maji. Bamekula saa sita." Daktari aliniambia baadaye kwamba muhogo mkali una sumu isiyotoka bila kulowekwa siku zake, na kwamba neno lile ndilo lililowaponya upesi. Kama tungepita kwanza kwa mganga wa kienyeji, tungechelewa.

Wakawatia hewa puani na maji ya serumu mkononi. Mimi nilianguka sakafuni kwenye korido, nikaomba maneno yasiyo na mpango. "Mungu wangu, ni mimi. Si jirani. Si shetani. Ni mimi." Pembeni yangu Mama Zaina naye alikuwa anaomba kwa namna yake, tasbihi ikitembea vidoleni. Baba Furaha alifika mbio, chaki bado iko kwenye mikono yake. Nilipomweleza, alikaa chini akaanza kufuta chaki ile, kidole kwa kidole. Heri angenipiga kofi!

Kabla jua halijazama Baraka alifumbua macho akaomba maji. Siku ya tatu wote walitoka pale kwa miguu yao. Haleluya! Kwa miguu yao!

Nilikwenda kupiga magoti kwa Mama Zaina. Hakuniambia, "Si kitu."

"Inuka, dada. Ulinionea, na iliniuma. Bale batu na mawe yabo, mpaka leo nabaogopa." Akanishika mkono akaniinua. "Na unajua sababu gani bei yangu iko juu? Siku ine mu maji, siku zingine ku jua, na mvua ikinyesha naanza tena. Weye ukinunua unga wangu, unanunua zile siku."

Nilishtuka. Kumbe kile nilichokiita wizi kilikuwa ni uvumilivu wake! Nikasimama mbele ya watu wa mtaa, nikasema wazi kwamba mama yule hana hatia na mwenye kosa ni mimi.

Leo tuko kina mama sita, yeye akiwa mmoja wetu. Tunanunua pamoja muhogo uliokauka vizuri kutoka kwa wakulima anaowajua huko Nyakabere, tunasaga kwa mashine moja, tunagawana. Wakati wa mavuno tunaagiza na mchele kutoka Bwegera. Chakula kinanigharimu kidogo kuliko zamani, na hakuna anayekula kwa hofu.

Ila watoto hawajasahau. Nikitenga bugali, Neema ananiuliza, "Mama, weye ulishakula?" Basi tonge la kwanza ni langu, kila siku. Natafuna, nameza, wao wanatazama koo langu, ndipo wananawa mikono. Sikasiriki. Namshukuru Mungu kwa macho yale sita yanayonitazama, maana yangeweza kufumbwa milele.

Ndugu yangu uliye na sufuria tupu na unaona haya, nakusihi: usikate siku za muhogo majini, wala usimrushie jirani kosa lako. Mtumaini Bwana. Anaweza kumleta mwokozi wa watoto wako kutoka nyumba uliyokataa kuisalimia. Njoo ukae na sisi kina mama. Njoo na njaa yako kama ilivyo, uiseme kwa sauti.