Mwamuzi Aliyekuja Kupimwa Macho

Benchi lilikuwa nje ya duka la miwani, na kila asubuhi wenyewe walilijaza: Redio, dereva mstaafu asiyeishiwa habari, Kinyozi wa mlango wa pili, na Mama Kahawa, mwenye birika na mwenye kauli. Pembeni alikaa mwenye duka, Fundi Miwani, mtu mfupi, mpole, wa maneno machache. Leo alikuwa akifuta lenzi iliyokwishatakata zamani, masikio yakiwaka moto, maana aliyekuwa akijadiliwa ni yeye.

— Yule mama mrefu kaja mara tatu wiki hii, — Redio alianza. — Macho gani hayo, yanapimwa kama presha?

— Kwani humjui? — Kinyozi alidakia. — Ndiye yule mwamuzi! Enzi hizo Fundi ni golikipa wetu. Mama akatoa penalti, Fundi akamwambia akanunue miwani. Kadi nyekundu hapo hapo!

Mama Kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini.

— Mpole huyu?

— Siku ile upole niliuacha nyumbani, — Fundi alisema.

— Haya, na juzi je? — Redio aliuliza.

Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Akawaeleza jinsi mama alivyoketi kwenye kiti cha kupimia, akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, kisha akasoma na jina la kiwanda lililochapwa ukingoni mwa chati, ambalo Fundi mwenyewe hajawahi kuliona. Alipomaliza alisema, "Umeona? Ilikuwa penalti." Alichohitaji ni miwani ya kusomea tu.

— Kisasi hicho! — Redio alisema. — Anakupeleleza. Siku moja utasikia filimbi, duka limefungiwa.

— Wapi! — Kinyozi alipinga. — Chama cha mpira kimemtuma. Wanataka golikipa wa timu ya wazee.

— Basi mbona jana kaleta miwani imelegea skrubu?

— Labda ana viwanda vya skrubu!

Fundi alirudia kufuta lenzi. Skrubu ile aliikaza mwenyewe kwa nguvu zake zote, na alijua hailegei bila mtu kuilegeza. Alijua pia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: siku ile ya kadi, wanaume uwanja mzima wakimzomea mwanamke mmoja, mkono wake ulibaki juu, haukutikisika. Fundi alitoka nje ya uwanja amekasirika, na kabla hajafika kwenye bomba la maji hasira ilikuwa imemtoka, kimebaki kitu kingine ambacho hakukipatia jina.

— Mwanamke yule jabali, — Mama Kahawa alisema taratibu. — Mume kamkimbia, kalea binti peke yake, na bado Jumamosi yuko uwanjani anafundisha waamuzi wadogo. Mimi namvulia kofia.

Hapo wote wakakubaliana, jambo la nadra benchini.

Ndipo akatokea mwenyewe, hatua ndefu, miwani usoni, mzima kabisa.

— Shikamoo mama, — alimwamkia Mama Kahawa.

— Marahaba mwanangu. Skrubu tena?

— Leo sina ubovu wowote. Nina swali. Nyie mmekaa na huyu bwana miaka na miaka. Anapenda kula nini?

Redio akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mama Kahawa. Mama Kahawa akatazama ndani ya birika. Walikuwa wamejadili Fundi amwoe nani, afya yake, na hata mazishi yake. Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

— Mayai, — Fundi alisema. — Ya kukaanga. Yenye vitunguu vingi.

— Mimi vitunguu sili.

— Kabisa?

— Kabisa. Tutagombana. Inuka twende tukale.

Fundi aliinuka, akamtupia Kinyozi funguo za duka bila hata kutazama zimeangukia wapi, akamfuata mama barabarani akitembea mbiombio ili kwenda sambamba na hatua zake.