Vitambaa vya Mama Tulia

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi. Atuganile Lukasi, ambaye sote tunamwita Mama Tulia, atastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Chungu Kimoja kwa miaka ishirini na miwili. Nimeombwa nimweleze kwa kifupi. Jamani, mvua ya Tukuyu mtu anaielezaje kwa kifupi?

Alianza mwaka 2003 akiwa mpokeaji wa mazao katika ghala letu la Bulyaga. Wakati huo kulikuwa na kaya kumi na moja, mzani mmoja na turubai lililotoboka. Leo kaya ni mia moja na arobaini, kutoka Matwebe hadi Nkunga, nyingi zikiwa na shamba lisilofika ekari moja. Ndizi, maharage, viazi na maziwa yanayotumika shuleni, kwenye kituo cha afya na kwa mama lishe wa sokoni hutoka katika vishamba hivyo. Kila asubuhi mikungu inaposhushwa, mwili hunisisimka. Hakuna kaya hata moja ambayo ingeweza kulisha shule peke yake kwa siku tatu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 2009 shule moja ya bweni ilikubali kununua ndizi kwetu kwa majaribio. Furaha ikatuponza. Kwa kuwa hapa kwetu ni aibu mkungu wako kuonekana mdogo mbele ya wa jirani, kila kaya ilikata mkungu wake mkubwa kuliko yote, na wote wakaleta Jumatatu ileile! Ghala lilijaa hadi mlangoni. Kufikia Ijumaa ndizi zilikuwa zimeiva, zinanukia mpaka barabarani, na mpishi wa shule alitaka za kupika. Wiki iliyofuata hapakuwa na mkungu uliokomaa. Shule ikatupa muhula mmoja tu wa kujirekebisha.

Mama Tulia hakumlaumu mtu. Alichana kanga na vitenge vyake vikuukuu, akavaa koti la mvua, akaenda shamba kwa shamba. Kila mgomba wenye mkungu mchanga aliufunga kitambaa cha wiki yake ya kukatwa: chekundu wiki ya kwanza ya mwezi, cha njano ya pili, cha bluu ya tatu, cheupe ya nne. Kijani alikikataa, kingepotea kwenye majani. Hata kaya yenye migomba sita ilipata zamu.

Mzee Jairo wa Matwebe alimcheka hadharani, akiuliza kama migomba yake inakwenda kuolewa hata ivalishwe nguo. Mama Tulia alimjibu kwamba ndiyo, na mahari ni yeye kuweka panga chini mpaka wiki ya bluu. Watu walicheka, lakini jioni Mzee Jairo aling'oa vitambaa vyote. Kesho yake Mama Tulia alirudi kuvifunga. Viling'olewa mara nne, akavifunga mara nne. Mara ya tano mvua ilikuwa kubwa mno, na Mzee Jairo alitoka na mwavuli, akamfunika mpaka akamaliza.

Muhula ule shule haikukosa ndizi hata siku moja, na mpaka leo haijaagiza kwingine.

Siku hizi watu wanahesabu mwezi kwa rangi. Mwaka jana mzazi mmoja wa Nkunga alitangaza kipaimara cha mwanawe kuwa Jumamosi ya wiki ya njano, na hakuna mgeni aliyekosea siku. Mimi na mume wangu Uwesu, dereva wa pikapu yetu, tulipendana tukipakia mikungu ya wiki nyekundu. Mama Tulia alishafunga vitambaa kwenye mikungu ya walima yetu kabla Uwesu hajaleta posa! Tulipomuuliza alijuaje, alisema kilichokaribia kukomaa hujulikana kwa macho.

Alipotangaza kustaafu, tuliogopa. Zamu zote zilikuwa kichwani mwake. Bila zamu, tungerudi kwenye ile Jumatatu ya 2009.

Jumatatu iliyopita nilimsindikiza Matwebe na kikapu cha vitambaa vya miezi mitatu. Kwa Mzee Jairo tukakuta migomba yote imeshafungwa. Vitambaa vimechanwa kutoka sare za shule, shuka, hata shati lake jeupe la kanisani. Mama Tulia alikagua mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye mgomba wenye rangi isiyo yake. Akanyoosha mkono arekebishe. Kabla hajaugusa, jirani yake Mzee Jairo, Mama Esnath, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya uzio: "Mzee Jairo! Nyekundu ni zamu yangu, wewe wiki hiyo hukati! Unataka tuoze wote tena?" Mzee Jairo akafungua kitambaa huku akicheka, akafunga cha bluu.

Mama Tulia akarudisha mkono, akashika kikapu chake. Shamba la pili lilikuwa limefungwa. La tatu pia. Hatukufunga hata kimoja siku ile.

Mama Tulia, ndaga fijo, asante sana. Kikapu chako kimerudi kimejaa. Shona mto kwa vitambaa hivyo, ulalie mpaka jua litoke. Mvua ya alfajiri sasa ni yetu. Nawe tunakuombea afya, wajukuu wengi na chungu kisichokauka.

Nusrat Abbasi, karani wa ghala