Alhamisi za Bi. Nélida

Bi. Nélida Quiroga anastaafu Ijumaa tarehe 29 Novemba, baada ya kuitumikia Idara ya Hisabati na Kompyuta kwa miaka thelathini na miwili na miezi minane. Naandika kwa niaba ya wenzake wa ofisini, na nakiri mapema kwamba siwezi kumwandikia bila moyo kuruka. Sababu mtaiona mbele kidogo.

Aliajiriwa hapa Tucumán Machi 1992 kama mpiga chapa. Mwaka uliofuata akakabidhiwa mihadhara ya wageni ya kila Alhamisi, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Aliwaandikia wageni barua, akawakatia tiketi za basi, akawapokea kituoni. Kisha aliwakalisha jikoni kwetu ofisini, akawamiminia kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, na kuwataka wamsimulie mhadhara wao kabla ya kuingia ukumbini. Elimu yake ni ya sekondari, na hiyo aliihesabu kuwa sifa. Akiacha kumimina, mgeni alijua amemwacha njiani, akaanza upya. Profesa mmoja kutoka Montevideo alianza upya mara nne na kuingia ukumbini na kiu yake, lakini wanafunzi walimwelewa.

Miaka mitatu iliyopita wasikilizaji walipungua. Mkuu wa kitivo, Profesa Ibarguren, akatangaza kwamba angehudhuria mhadhara wa mwisho wa Oktoba. Ukumbi usipojaa, Alhamisi zingefutwa. Wiki ile Bi. Nélida hakula vizuri. Alipita darasa baada ya darasa akiwabembeleza wanafunzi na kuwaahidi empanada, sambusa zetu za nyama, za mkono wake. Ukumbi ukajaa. Aliyekosekana ni mgeni: basi la Dakta Mirta Zelaya kutoka Córdoba lilikuwa limezuiwa na maji barabarani.

Empanada zilipokwisha, watu wakaanza kuchukua mabegi. Hapo Bi. Nélida akapanda jukwaani na kuwaambia wote, mkuu akiwemo, wasimame ukutani wajipange kwa siku za kuzaliwa, Januari mbele, Desemba nyuma. Kila mtu aliruhusiwa kuzungumza na jirani yake tu, na kubadilishana naye nafasi wakiwa wamekosea mpangilio. Profesa Ibarguren, mzaliwa wa tarehe 2 Januari, alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango. Ikabidi apishane na mmoja mmoja, ukuta mzima.

"Pita, mzee, ila usisukume," mwanafunzi mmoja alimwambia, na mkuu mwenyewe akacheka.

Bi. Nélida akawavuruga, akawataka warudie kwa njia nyingine: wajipange kwanza katika vikundi vidogo, kisha vikundi viunganishwe. Safari hii walimaliza upesi mno, ukumbi ukalipuka kwa ubishi juu ya sababu. Dakta Zelaya aliingia viatu vimelowa, akausikia ubishi ule, akauacha mhadhara aliouandaa. Alichukua chaki akawathibitishia walichokwisha kukifanya kwa miguu yao.

Mwishoni mkuu aliuliza jambo moja tu. "Nélida, nani anakuja Alhamisi ijayo?"

Bi. Nélida aliketi kwenye ngazi ya jukwaa na kushusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

Mimi, niliyetumwa kugawa empanada, nilizaliwa tarehe 14 Juni. Foleni iliniweka kando ya kijana wa tarehe 13, Lautaro, mwenye tabasamu lililonisahaulisha sinia mkononi. Mwezi uliopita tulioana, na Bi. Nélida alikuwa shahidi wetu. Kila asubuhi namtazama mume wangu na kumshukuru aliyetupanga.

Mara mbili Bi. Nélida aliahirisha kustaafu, akihofia kwamba Alhamisi zingeondoka naye. Sasa na apumue: wiki iliyopita baraza la kitivo liliziingiza katika ratiba ya kudumu, na kibuyu nimekabidhiwa mimi. Nisipoelewa, sitamimina.

Asante, Bi. Nélida, kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na siku zenye furaha. Alhamisi ya kwanza ya Machi, masomo yakifunguliwa, kiti cha mbele ni chako. Ukiacha ule wa Dakta Zelaya, kwa mara ya kwanza utausikiliza mhadhara ambao hukuusikia jikoni.