Bi Bitana na Taa ya Miche

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, mama wa binti mmoja, mjane wa kinyozi. Mtaani walimwita Bi Bitana, kwa sababu koti halikutoka mikononi mwake bila bitana safi kwa ndani. "Nje ni kwa macho ya watu," alikuwa akisema. "Ndani ni kwa anayelivaa." Bi Bitana ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne.

Sasa nisikilizeni. Mumewe, yule kinyozi, alikuwa na nyanya zake. Mbegu alizitoa mwenyewe mwaka hadi mwaka, akazipanda nyuma ya kibanda chake cha kunyolea. Alipofariki, kiwanja kile kikajengwa ghorofa. Bi Bitana akabaki na bahasha moja ya mbegu, na chumba cha cherehani ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Humo jua ni la kuhadithiwa.

Bahasha ikakaa kabatini miaka mitatu. Mbegu nazo huzeeka, kama mimi na wewe. Alipojipa moyo akazipanda zote, zikaota kumi na moja. Narudia, kumi na moja tu. Zikifa hizo, nyanya za kinyozi ndiyo basi tena.

Akanunua taa ya kuoteshea miche, ya bei ya kutupa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni fundi umeme. Alipoiona alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Shemeji, kofia ya taa hii ni bati la kijivu. Mwanga wote unaishia kutani. Unaotesha nyanya au unaotesha kuta?"

Na kweli, miche ilikuwa imerefuka, myembamba kama uzi, inalala. Shemeji akamshauri anunue taa ya maana. Bi Bitana hakumung'unya maneno. "Koti likiwa duni hulitupi. Unalitia bitana."

Basi akapita kwa majirani kukusanya pakiti tupu za kahawa, zile ambazo kwa ndani zinang'aa kama fedha. Akazipasua, akaziosha, akazibandika ndani ya kofia ya taa kwa gundi. Lakini hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Bitana ya koti huachiwa nafasi kidogo, maana ikibana itapasuka mtu akiinua mkono. Mikono yake ilikuwa na miaka hamsini ya kujua hivyo. Akabandika kingo tu, katikati akaacha nafasi. Siku ya pili bitana ikalegea, ikaning'inia kama kitambi, ikaziba matundu ya hewa. Joto likajaa. Asubuhi akakuta miche minne imeungua. Ikabaki saba.

"Alilia," binti yake ameniambia. "Msibani kwa baba alijikaza. Asubuhi ile alishindwa."

Shemeji alipofika, alikuwa na methali yake tayari, ile ya asiyesikia la mkuu. Alipomwona uso akaimeza. Akasema tu, "Shemeji, taa haiinui mkono. Ivute."

Wakaivuta pamoja, ikanyooka, matundu wazi, mbali na nyaya. Mwanga ukashuka vizuri. Ila bado ulikuwa unavuja pembeni. Shemeji akasema pembeni panataka kitambaa cheupe, kizito, kisichong'aa, kinachotawanya mwanga sawasawa. Chumba kilijaa vitambaa vya kila rangi. Cheupe na kizito kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kwenye kabati, kimetundikwa: koti la kazi la kinyozi, alilolishona Bi Bitana mwenyewe.

"Nilimwambia tununue kingine," anasema binti. "Akaniambia, hiki kinazijua nyanya hizi. Alishika mkasi, akauweka. Akaushika tena. Mwishowe akasema, 'Mume wangu, usininung'unikie, ni kwa ajili ya nyanya zako.' Ndipo akakata. Mfuko wa kifuani tu ndio hakuutoa, ukabaki kwenye kitambaa kilichozungushiwa taa."

Miche saba ikanenepa shina. Saba, wasikilizaji, na yote saba ikazaa. Tangu hapo mtaa mzima umekula nyanya za kinyozi. Watu wakawa wanamletea taa zao azitie bitana, na shemeji anawabebea huku akijigamba kuwa wazo lilikuwa lake. Bi Bitana alimwacha ajigambe. Miaka kumi aliishi hivyo, akishona mchana na kuongea na miche yake jioni, na kwa ushahidi wa wote waliomjua, aliridhika.

Siku ya mazishi jirani mmoja, kwa heshima tu, alitaka kuizima taa ile. Shemeji akamshika mkono. "Iache. Miche haijui msiba."

Kwa binti, kwa shemeji, na kwa wote waliovaa makoti yake, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki, tukirudi nyumbani tufungue makabati. Kuna kitu tunakitunza kwa mapenzi mpaka kimekosa kazi. Tukitazame upya.

Juzi binti alikwenda kumwagilia. Akaona mfuko wa koti, pale ubavuni mwa taa, umetuna. Akatia mkono, akatoa bahasha ya mbegu, mpya, imefungwa vizuri. Juu yake mama yake ameandika, "Za mwakani."