Kona Isiyofagiliwa

Sogeeni, wanangu, nawe Muigai zima hiyo simu, maana maneno yangu ni machache na pumzi ni chache zaidi. Veronicah, mke wa mwanangu, usisimame mlangoni kama mgeni.

Miaka thelathini nilifagia nyumba za watu kule Kitisuru, na nikirudi hapa Muthangari nilikuwa na mahali pamoja nisipofagia, pale nyuma ya tangi. Sisi Watu wa Majani hatuna kanisa. Kila tawi lina kona yake, jani likianguka linalala, mdudu akija anakaa, na mwezi ukiandama tunavua viatu tunasimama pale kimya. Mzee Were, aliyetuletea dini hii kutoka mlimani, aliniambia, "Mkono wa binadamu umegusa kila mahali. Mwachie Mwenye Dunia hata kidogo." Neno hilo likaniingia, mimi niliyeshinda na ufagio mkononi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, Veronicah aliamka kabla yetu, kama walivyomlea kwao, akafagia uwanja wote na kona ile pia, majani akachoma. Nilikuta udongo mtupu, safi kama sahani, naye anatabasamu: "Mama, nimewasafishia hata pale mlipokuwa mmesahau." Wazee wa mlimani wakasema tawi letu limekatika, watu wakatawanyika, tukabaki saba. Nami tangu siku hiyo, miaka kumi na mmoja, sijala chakula cha mkono wake, nasingizia tumbo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini nani alimwambia? Niliyepaswa kumwambia ni mimi, na nilinyamaza.

Juzi nikiwa nimelala hapa nilimwona dirishani. Anafagia uwanja, akifika kwenye kona ufagio unasimama, kama amefika kwenye mkeka wa mtoto aliyelala. Kisha akavua viatu. Nikamuuliza Ciru, mjukuu wangu, mama yako ameanza lini mambo haya? Akacheka: "Cucu, si hufanya hivyo kila mwezi, ninyi mkishaondoka pale, tangu nikiwa mdogo." Na Jumapili haachi kanisa lake. Nililia, lakini kilio kitamu.

Basi ploti ni ya Muigai na Wahome, ndugu wawili, nusu kwa nusu. Jengeni hizo fleti zenu, sipingi, lakini saruji ikome kwenye tangi. Kona ni ya Veronicah, nasi saba tumeshakubali. Ufagio wangu pia mpeni yeye, kwa maana ameshajua pa kuuzuia.

Msigombane. Mvua iwajue majina… kivuli kisiwapungukie, ninyi na watakaowazaa…

Nimechoka sasa, lakini vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi. Vero, mwanangu… ule uji wako, harufu yake naisikia tangu asubuhi. Niletee. Kijiko… kishike wewe.