Ndege ya Kumfuata Mama Otuoma

Pale Pasiansi, Mwanza, kati ya duka la nyavu na banda la fundi baiskeli, kuna benchi refu la wanywa kahawa, na atakayelizoea hakosi jina la utani. Otuoma aliitwa Minofu tangu viwanda vya samaki vilipofunguliwa naye akaanza kuvipelekea sangara. Alinunua pikapu, akavaa saa kubwa, akahamia nyumba ya bati la rangi. Jumatatu mvuvi mmoja alimletea habari kutoka kijijini kwao, ng'ambo ya Musoma: mama yake anaumwa, hali chakula, aletwe hospitali Mwanza. Otuoma aliapa mbele ya benchi zima kwamba mama yake hapandi basi tena maishani. Atamfuata kwa ndege ya kukodi. Leo ilikuwa Alhamisi, na benchi lilikuwa bado linamsaidia kukodi.

— Wamesemaje kule uwanjani? aliuliza Nkwabi. Huyu walimwita Waziri, kwa sababu kabla ya kupunguzwa kazi katika shirika la umma alikuwa na ofisi yenye pazia.

— Wajanja wale, Waziri! Binti wa ofisini ananiuliza, mgonjwa ana kilo ngapi? Mimi, mtu wa kilo! Nikajua hapa napunjwa.

— Ukamjibuje?

— Nikamwambia nionyeshe mizani kwanza. Kule mwaloni tunakoshushia samaki wakala anaingiza kidole chini ya mizani, samaki wa kilo tano anakuwa wa nne.

— Hapa ni kinyume, bwana, alisema Shigela, fundi baiskeli. Mlipaji ni wewe. Kidole kitawekwa ili mama azidi.

— Si ndiyo maana nikawaambia nakuja na mizani yangu! Wakakataa. Na mimi nikakataa.

— Umefanya la maana, alisema Waziri. Tena wakate uzito wa nguo. Sisi kwenye shirika tulikuwa tunakata uzito wa gunia.

— Na siku ya safari asinywe uji, aliongeza Shigela. Uji una kilo nyingi sana.

— Si mlisema hali chakula? aliuliza Mayala, muuza kahawa, huku akimimina.

— Basi hapo tumeshapata nafuu, alisema Waziri.

Benchi likaangua kicheko. Otuoma naye alicheka.

— Ndege yenyewe ipi? aliuliza Waziri. Isije ikawa ya pangaboi puani.

— Ya pangaboi wanayo, nimeikataa. Inanguruma kama mashine ya kusaga. Watu wa kijijini watasema Minofu kaleta kinu. Nimetaka jeti.

— Wanayo?

— Waiagize Nairobi. Siku hizi ni ruksa, kila kitu kinaagizwa.

— Jeti haiwezi kutua Musoma, alisema Shigela. Uwanja mfupi ule.

— Itapunguza mwendo! Rubani si dereva kama madereva wengine? Unampa chai, anashuka taratibu.

— Lakini haiondoki na mtu mmoja, alisema Waziri. Lazima ijae. Mimi suti ninayo.

— Ya kukodi haisubiri kujaa, Waziri, alisema Otuoma.

— Basi ijaze wewe, mshikaji. Unatuacha vipi?

Mayala aliweka birika juu ya jiko lake.

— Minofu, pikapu yako si nzima? Ungeondoka nayo Jumatatu hadi Musoma, mama akavushwa kwa mtumbwi, Jumanne yuko wodini.

— Pikapu inanuka samaki, Mayala! Kijiji kizima kivuke kumsindikiza, kinione nampakia mama yangu kama sangara? Mimi kule niliondoka kwa miguu, wakanicheka. Mama hawezi kutoka kama nilivyotoka mimi.

Otuoma alikuwa anamwona mama kabisa, amevaa gauni lake jeupe la kanisani, anawapungia mkono kupitia kidirisha, na wale waliomcheka wamesimama chini, midomo wazi.

Mara akapita Dorotea, jirani yao wa makamo, aliyesali kanisa moja na Otuoma. Alikuwa na beseni la dagaa kichwani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu.

Akatua beseni, akampa Otuoma mikono yote miwili.

— Pole, mwanangu. Nilikuwa Igoma kwa binti yangu, habari nimezipata leo hii. Mama ameamkaje?

Tangu Jumatatu Otuoma alikuwa akimzungumzia mama yake asubuhi hadi jioni, mpaka sauti ikamkauka, lakini habari yake ya mwisho ilikuwa ile ya mvuvi. Akamtazama Waziri. Waziri alikuwa anachungulia ndani ya kikombe. Shigela akakumbuka kuna baiskeli ya mtu inamsubiri, akainuka.

Dorotea alidhani hakusikika. Akasogea karibu.

— Au jana, mwanangu. Jana aliamkaje?