Mama Rispah Wekesa, Muuguzi Aliyesubiri Kusalimiwa

Wachungaji, ndugu na marafiki mliotusindikiza hadi makaburini hapa Lidcombe, Mama Rispah Nanjala Wekesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, Webuye, Kenya, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya mwalimu. Alisoma huko huko hadi kidato cha nne, akahitimu uuguzi Nairobi mwaka 1991, na tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Mzee Simeoni Wekesa, wakajaliwa Nafula, anayewasomea haya, na Barasa.

Walihamia Sydney Februari 2006, wakakaa mtaa wa Guildford. Kuanzia tarehe 2 Mei 2011 Mama alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya Liverpool, hapa hapa Sydney, akiwakinga na Virusi vya Ukimwi wanaume wanaopenda wanaume na watu waliobadili jinsia, wengi wao Waafrika wenzetu, akiwapima, akiwapa kondomu, na baadaye vidonge vya PrEP vya kuzuia maambukizi. Rasimu yetu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "muuguzi" tu, tukihofia minong'ono, lakini Mama aliisoma akiwa mgonjwa kitandani, akalikata neno hilo, akaandika kwa mkono wake sentensi mliyoisikia sasa hivi kuhusu kliniki, akataka isomwe.

Ndipo alipotueleza kwamba wateja wake waliogopa kujulikana kanisani, hivyo akajiwekea sharti la kutomsalimia mtu yeyote kwanza, mteja au asiye mteja, ili asiwepo wa kuulizwa walijuana wapi. Kwa karibu miaka kumi na minne aliitwa mwenye maringo, na hata rafiki yake Mama Verdiane wa Bukavu alimtania mlangoni pa kanisa, "Ee Dada Rispah, hata bonjour unatunyima?", naye akacheka, "Anza wewe, mama, mimi nitaitikia."

Tarehe 9 Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akaendelea na zamu hadi tarehe 28 Machi, akafariki tarehe 17 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mzee akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Guildford, waliopika wiki nzima, na wenzake wa kliniki. Kabla jeneza halijafungwa, yeyote aliyemfahamu na aje amsalimie, na familia haitamuuliza mtu alimfahamu wapi.

Mama, leo wanaanza wao. Pumzika kwa amani.